Nani Alisema Dipresheni ni ya Wazungu?

Kama umekulia Kenya, hii sentensi umeisikia: "Dipresheni ni ya wazungu." Mjomba anaisema kwa mazishi, mwalimu anaisema paredi, na kuna msee lazima aiandike kwa komenti kila nikiposti kitu kuhusu afya ya akili. Inasemwa kama methali, kana kwamba tuliachiwa na mababu. Hawa mababu walikuwa wagumu, walilima, walipigana vita, hawakuwa na wakati wa kusononeka. Sisi ndio tumelegezwa na simu.

Nikaamua kuifuata hii sentensi hadi ilikotoka. Nina wakati, niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo kusoma historia ndiyo kazi yangu, hata kama mathe bado anawaambia majirani niko likizo. Na nilichopata kimenifanya niandike hii posti ndefu. Hiyo sentensi haikutoka kwa mababu. Iliandikwa na mzungu. Ina mwandishi, ina mwaka, na ofisi yake iliko unaijua, kwa sababu unaipita ukitoka tao kwa Thika Road, ng'ambo ya Muthaiga. Ni hospitali ya Mathari. Ile tunatania nayo, "huyu apelekwe Mathare."

Tuanzie hapo.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilichukua majengo yaliyokuwa ya kutenga wagonjwa wa ndui, ikayageuza kuwa nyumba ya kufungia watu walioitwa wendawazimu. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari Mental Hospital. Wagonjwa walitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Usidhani Mwafrika alipelekwa pale kwa sababu familia yake iliona ana huzuni. Wengi waliletwa na polisi, machifu na mahakama. Ulifika Mathari kama umesumbua watu: umepiga kelele kwa shamba la mlowezi, umezurura Nairobi bila kipande, umepigana. Shika hiyo point, tutairudia.

Miaka ya 1930 daktari aliyesimamia hapo aliitwa H. L. Gordon. Huyu hakuwa na shida tu na wagonjwa, alikuwa na shida na Mwafrika mzima. Alipima vichwa vya Waafrika akidai ubongo wetu ni mdogo kuliko wa Mzungu, na mwaka 1933 yeye na walowezi wenzake wakaunda chama hapa Nairobi cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari." Wakati huo kulikuwa na imani kubwa kati ya walowezi, na hii inakuhusu wewe uliye na miaka 15: kwamba mtoto Mwafrika ni mwerevu kama mtoto mwingine yeyote mpaka anapobalehe, halafu akili inasimama. Yaani kijana Mwafrika alionekana kama gari lililozimika njiani. Hiyo imani ilikuwa na faida kwao. Kama akili ya kijana inasimama akifika miaka 14, kwa nini umjengee shule ya upili? Mpe jembe.

Mwaka 1938 Mathari ikapewa daktari mwingine, J. C. Carothers. Alikuwa Kenya tangu 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali. Alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunza kazini, na wagonjwa wake ndio waliokuwa somo. Alikaa hapo hadi 1950, akihesabu nani ameletwa na ana nini, na hesabu zake za kati ya 1939 na 1943 akazichapisha. Akaona kwamba kati ya Waafrika walioletwa, wenye mfadhaiko, hii tunaita dipresheni, ni wachache sana. Akahitimisha: Waafrika hawapati huu ugonjwa, au wanaupata mara chache mno.

Sasa rudi kwa ile point. Nani aliletwa Mathari? Aliyesumbua. Mtu mwenye dipresheni hasumbui mtu. Analala. Haendi shambani. Hali. Anakaa nyuma ya nyumba akiangalia chini, na familia yake inasema amechoka, au amerogwa, au ameachwa na mtu. Polisi hawezi kumkamata mtu kwa kunyamaza. Kwa hivyo Carothers alikaa kwenye mlango ambao watu wa aina fulani tu walipitishwa, akahesabu waliopita, halafu akasema hao ndio Waafrika wote. Ni kama kusimama nje ya klabu usiku wa Ijumaa, uhesabu wanaotoka, useme Wakenya wote ni walevi.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu, The African Mind in Health and Disease. Humo ndani alilinganisha Mwafrika wa kawaida, mzima, na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Alisema Mwafrika hapati mfadhaiko kwa sababu hajibebeshi wajibu wala hatia kama mtu binafsi. Mambo yake yote anayaachia ukoo na desturi. Soma tena polepole. Alikuwa anasema hatuumii kwa sababu hatujakamilika. Huumii kwa sababu hauko huko ndani.

Hiyo ndiyo nyanya ya sentensi ya mjomba wako. Mjomba anaisema kama sifa, "sisi ni wagumu." Ilipoandikwa ilikuwa matusi.

Na haikuishia kwa kitabu. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa kwa sababu ya Mau Mau. Serikali ilitaka kujua kwa nini Wakikuyu wameasi. Ungedhani jibu ni rahisi: mashamba yamechukuliwa, kodi, kipande, mshahara wa mbuzi. Lakini serikali ilimwita Carothers, na mwaka 1954 akawaandikia ripoti, The Psychology of Mau Mau. Ndani yake tatizo likahama kutoka kwa ardhi likaingia kichwani: hawa watu akili yao imekwama kati ya maisha ya zamani na ya kisasa, kwa hivyo wamechanganyikiwa. Akaunga mkono watu wakusanywe kwa vijiji. Na ndivyo ilivyofanyika. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja walitolewa kwa boma zao wakarundikwa kwa vijiji vilivyozungukwa na mitaro na walinzi. Kama familia yenu ni ya Murang'a, Nyeri au Kiambu, muulize cucu. Kuna watoto waliobalehe ndani ya hivyo vijiji, baba yuko kizuizini, mama yuko kwa kazi ya lazima ya kuchimba mitaro. Hakuna aliyewauliza wako aje.

Ona mtego wenyewe. Ukiumia kimya, unaambiwa huumii. Ukiumia kwa sauti, unaambiwa wewe ni mwendawazimu. Hakukuwa na nafasi ya katikati, ya mtu mzima mwenye akili timamu aliye na sababu ya kuumia. Na ukichunguza vizuri, huo mtego bado uko kwa nyumba nyingi Kenya leo. Kijana akinyamaza: "hana shida, ni tabia tu." Kijana akilipuka: "huyu ana pepo" au "apelekwe Mathare."

Waafrika walijibu, na majibu yao hatufundishwi shuleni. Kule Nigeria kulikuwa na daktari wa akili anaitwa Thomas Adeoye Lambo. Mwaka 1954 alianza mpango wake pale Aro, karibu na Abeokuta, ambapo wagonjwa hawakufungiwa. Walikaa kwa nyumba za vijiji vya karibu, pamoja na ndugu zao, wakitibiwa mchana na kurudi nyumbani jioni. Halafu yeye na watafiti wa chuo kikuu cha Cornell cha Marekani wakafanya kitu ambacho Carothers hakufanya. Walitoka hospitalini wakaenda kuwauliza watu kwao nyumbani. Matokeo yalichapishwa 1963: dalili za mfadhaiko zilikuwa zimejaa tele. Watu walikuwa wanaumia, ni vile tu hawakuwa wameletwa na polisi. Kisha 1979 ukatoka utafiti wa John Orley na J. K. Wing, uliofanywa vijiji viwili vya Uganda na kulinganishwa na wanawake wa mtaa mmoja wa London. Vijijini Uganda mfadhaiko ulikuwa mwingi kuliko London. Kwa hivyo kama kuna mtu anataka kubishana huu ugonjwa ni wa nani, mimi nishamaliza.

Lakini hata bila utafiti, tungeuliza lugha. Kiswahili kina huzuni. Kina simanzi. Kina majonzi, jitimai, sononeko, fadhaa, ukiwa. Kina kihoro, ile huzuni ya kupotelewa inayomfanya mtu akose nguvu kabisa. Hakuna jamii inayotunga maneno mengi hivyo kwa kitu ambacho haina. Eskimo wa hadithi ana maneno ya theluji, sisi tuna maneno ya moyo kuvunjika. Haya maneno ni ya zamani kuliko Mathari, na ni ya zamani kuliko Carothers. Mababu walijua kuumia, na walikuwa na majina yake.

Na walikuwa na mahali pa kupeleka. Hapa nataka tukuwe makini, kwa sababu mitandaoni kuna watu wanauza "zamani" kama dawa ya kila kitu. Zamani haikuwa paradiso. Kulikuwa na wasichana waliokeketwa, wengine wakaolewa kabla hawajakomaa, na kulikuwa na wavulana waliofundishwa kwamba kulia ni aibu ya maisha. Hayo tusiyarudishe. Lakini kuna kitu kimoja karibu jamii zetu zote zilikuwa nacho, na tulikipoteza bila kukibadilisha na kingine.

Kwa Waluo kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambako wasichana walilala, wakapigwa hadithi, wakauliza maswali ambayo huwezi kumuuliza mama yako. Kwa Wagikuyu mvulana alikaa thingira, nyumba ya wanaume, akisikiliza. Alipopashwa tohara alipata rika, kundi la vijana wa umri wake ambao wangekuwa ndugu zake hadi kaburini. Kwa Waswahili wa Pwani msichana aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, wa kumwambia mambo ya mwili, ya ndoa na ya kujiheshimu. Ukiangalia kwa makini utaona mfumo mmoja. Kijana alikuwa na mtu mzima ambaye si mzazi, mahali ambapo si nyumbani kwao kabisa, na kundi la wenzake wanaopitia jambo lilelile wakati uleule. Ukikosana na baba, una pa kwenda. Ukiogopa kitu, kuna mtu ambaye kazi yake ni kukusikiliza, na hatakuadhibu kwa ulichosema.

Hilo lilivunjika hatua kwa hatua. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na ili ilipwe, baba alienda kufanya kazi kwa shamba la mlowezi au Nairobi. Kipande kikafuata baada ya vita vya kwanza vya dunia. Wanaume wakaishi kwa vyumba vya bachela mjini, bibi na watoto wakabaki reserve. Wamisheni walileta shule, na mimi siwatukani kwa hilo, kusoma ni kusoma. Lakini shule ya bweni ilimtoa kijana kwa bibi mwenye hadithi ikamweka chini ya kengele. Maseno ilianza 1906, Alliance 1926, na baada ya uhuru mtindo huo ukaenea nchi nzima. Miaka 13 au 14, umri ambao zamani ungepewa somo au rika, kwa miaka mingi ulipewa godoro, ndoo, sanduku la bati na kufuli, ukaambiwa tutaonana muhula ukiisha.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kusema nusu ya matatizo yote ya afya ya akili huwa yameanza mtu anapofika miaka 14. Kwa Kenya, kwa miaka mingi, miaka 14 ilikuwa kidato cha kwanza.

Serikali ilijua. Mwaka 1976 ripoti ya kamati ya Gachathi kuhusu malengo ya elimu ilisema shule ziwe na huduma za ushauri na unasihi. Ni karibu miaka 50 sasa. Kilichotokea ni kwamba mwalimu mmoja aliyekuwa na vipindi vingi tayari aliongezewa cheo bila mafunzo ya kutosha wala muda. Shule niliyosomea, mwalimu wa ushauri alikuwa pia mwalimu wa nidhamu. Ofisi ni moja, kiti ni kimoja. Jumatatu anakupa barua ya kwenda nyumbani kumleta mzazi, Jumanne unatakiwa umfungulie roho. Hakuna aliyeenda. Halafu mwisho wa mwaka wakaandika kwamba wanafunzi hawana matatizo, maana hakuna aliyekuja kuripoti. Ni hesabu ya Carothers ileile, ya kuhesabu wanaopita mlangoni.

Na mlango ukifungwa, kitu kinatafuta dirisha. Machi 2001, shule ya upili ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini kwa moto. Wanafunzi wawili wakashtakiwa. Mwaka huohuo serikali iliunda jopo chini ya Naomi Wangai kuchunguza machafuko shuleni, na jopo likazunguka nchi likisikiliza. Moja ya mambo yaliyopendekezwa ni kuimarisha ushauri shuleni. Mwaka huohuo tena, kiboko kilipigwa marufuku. Ukiweka haya mambo matatu pamoja unaona 2001 ilikuwa nafasi kubwa: tungetoa kiboko tuweke sikio. Tulitoa kiboko, kwa karatasi angalau, na pale pa sikio tukaacha pengo. Sisemi mwanafunzi akichoma bweni asilaumiwe. Kuna wazazi ambao bado wanaomboleza. Nasema nchi inayoshangaa kila muhula wa pili huwa haikumbuki ripoti zake yenyewe.

Kuna jambo jingine tulirithi, na hili linauma zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya iliandikwa 1930 na waingereza, na kifungu cha 226 kilisema mtu akijaribu kujitoa uhai amefanya kosa. Adhabu ingeweza kufika miaka miwili jela. Yaani mtu anatolewa kwenye shimo la maisha yake, hospitali inamtibu, halafu polisi anamsubiri kando ya kitanda. Waingereza wenyewe walifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961. Sisi tukapata uhuru 1963, tukabadilisha bendera na wimbo wa taifa, na hiyo sheria tukaiacha ndani ya droo ikiendelea kufanya kazi. Kwa miaka zaidi ya 60 tulishikilia kitu ambacho mwenyewe alishakitupa.

Familia zikajifunza kuficha. Unaficha kwa sababu ukisema, mtoto atashtakiwa. Kwa hivyo ukimya tunaouita "utamaduni wetu" ulikuwa pia ni woga wa polisi.

Hiyo imebadilika, na nataka kila mtu ajue. Mwaka 2019 serikali iliunda jopo la afya ya akili chini ya Dkt Frank Njenga, na 2020 likapendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Na tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Alisema, kwa lugha ya sheria, kile tungepaswa kujua tangu zamani: mtu aliyefika hapo anahitaji matibabu, na kumwadhibu ni kumnyima utu na haki ya afya. Kesi ililetwa na Wakenya, ikaamuliwa na Mkenya, hapa Nairobi.

Sasa tuje kwa swali ambalo mnaniuliza inbox: sawa buda, historia tumesikia, mimi nifanye nini?

Jibu zuri zaidi nililopata linatoka kwa bibi. Mwaka 2006, kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na madaktari wa akili karibu hakuna. Akawachukua mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, akawawekea benchi la mbao nje ya zahanati. Neno "dipresheni" hawakulitumia. Walitumia la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi. Mtu akija anaulizwa unafikiria nini sana. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa kwa jarida kubwa la madaktari la Marekani ulionyesha kwamba waliokaa kwa hilo benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hiyo ni siwindhe, wasee. Ni siwindhe iliyowekewa vipimo.

Na hapa kwetu kuna Shamiri, iliyoanzishwa na kijana Mkenya na wenzake. Badala ya mabibi, wao walichukua vijana waliotoka tu kidato cha nne, wakawafundisha, wakawaweka mbele ya makundi madogo ya wanafunzi wa shule za upili. Wiki nne, kikao kimoja kwa wiki, karibu saa moja. Hawakukaa kuhesabu magonjwa. Waliongea mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika na hali aliyonayo leo si hukumu ya maisha, shukrani, na kujua ni kitu gani kina thamani kwako ili ukiishi. Utafiti wao wa wanafunzi 413 wenye dalili, wa miaka 13 hadi 18, ulichapishwa 2021. Dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa kwenye hayo makundi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Wiki nne, bila jengo, bila koti jeupe. Ukitafakari, hilo ni rika.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na ni mfupi kwa sababu mimi si daktari.

Tafuta mtu mzima mmoja ambaye si mzazi wako. Shangazi, binamu mkubwa, kocha, mama mboga anayekujua jina, mwalimu ambaye hashiki kiboko wala barua. Usingoje mpaka uwe chini ndio umtafute. Somo hakuitwa msichana akishaharibikiwa. Aliwekwa mapema, kila mtu akijua kazi yake.

Tengeneza rika. Watu watatu wanatosha. Si kundi la WhatsApp la mimu. Ni watu mnaokutana, mnaulizana uko aje, halafu mnangoja jibu. Kijana wa kiume, nakuongelesha wewe hasa: ukimuuliza boyz wako "uko fiti?" na aseme "niko fiti," muulize tena. Mara ya pili ndiyo swali.

Jifunze majina. Kuna tofauti ya kuwa na hasira, kuwa na aibu, kuwa na upweke na kuwa na kihoro, na kila moja ina dawa yake. Ukisema tu "niko na stress" kwa kila kitu, hata wewe mwenyewe hujui ubebe nini kwenda wapi. Leo jioni piga simu nyumbani uulize lugha yenu inaitaje mtu ambaye moyo umelala, asiyetaka kula wala kuongea. Nina uhakika kuna neno. Na mara nyingi anayekujibu ataongeza hadithi ya mtu fulani wa familia ambaye hujawahi kusikia ikisimuliwa.

Na kama hali imepita kuongea na marafiki, kama hulali, huli, au umeanza kufikiria kuondoka duniani, hapo si mambo ya kukaza moyo. Chini ya miaka 18 piga 116, ni Childline Kenya, bure. Red Cross wana 1199, bure pia. Nenda hospitali ya kaunti uulize wa afya ya akili. Sheria haikushtaki tena. Hiyo hofu mzazi wako aliyokuwa nayo, wewe hauko nayo.

Mjomba akisema tena dipresheni ni ya wazungu, usimtukane. Yeye pia alibalehe bila mtu wa kumuuliza. Mwambie tu kwa heshima, "Mjomba, hiyo iliandikwa na daktari mzungu 1953, na alikuwa anatutusi." Halafu muulize yeye alipokuwa na miaka 15, alikuwa anaongea na nani.